Kinga za mikono kwa pikipiki ya Mwanza: mifuko, plastiki tupu au zenye uti wa alumini?

Uliza kijiwe chochote cha Buhongwa au Igoma kinga ipi ya mikono inafaa, na kila mtu atakusifia ile iliyofungwa kwenye pikipiki yake. Hakuna anayekuuliza wewe unatoka nyumbani saa ngapi, wala lami inakuishia wapi. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua karibu kila kitu, kwa sababu kinga inayomfaa anayebeba abiria kati ya Makoroboi na Nyegezi mchana kutwa inaweza kuwa kero kwa anayewahi samaki Kayenze kabla ya adhana.

Tuanze na baridi, maana wapo wanaosema Mwanza hakuna baridi. Mtu wa Makete, kwenye milima ya baridi ya Njombe, akisikia tunalalamika atacheka mpaka alie, na ana haki. Kati ya Juni na Agosti, usiku ukiwa hauna wingu, alfajiri yetu huzunguka nyuzi joto 16 hivi. Ukiwa umekaa kibarazani hiyo ni hali ya kuvaa sweta tu. Ila mkono ulioshika usukani haujakaa kibarazani. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, mkono unapigwa na upepo wa kasi hiyohiyo, na upepo huo unafagia ile hewa yenye joto inayokaa karibu na ngozi. Mwili nao unajitetea kwa kubana mishipa midogo ya damu ya vidoleni ili joto libaki kifuani na tumboni. Vidole vinakuwa vizito, na kidole kizito kinachelewa kufika kwenye liva ya breki. Kwa kasi hiyo unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde, umeshapita mita 8 kabla breki haijashika, zaidi ya urefu wa Hiace.

Halafu ongeza mvua. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, upepo hutoka nchi kavu kwenda majini kutoka pande zote, unakutana huko katikati na kuumba mawingu. Ndiyo maana mvua nyingi za ziwani hupiga usiku na asubuhi, saa ileile ambayo watu wa samaki wako njiani. Maji yanafyonza joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Mkono uliolowa halafu ukapigwa upepo kutoka Usagara hadi Mkolani, ukifika unashindwa hata kuhesabu chenji.

Kuzuia upepo na maji hayo ndiyo kazi ya kwanza ya kinga. Kazi ya pili ni kupokea kipigo: kokoto zinazorushwa na malori, matawi kwenye vichochoro vya kuelekea mialoni (kunakoshushwa samaki), wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi, saiti mira ya daladala inayokubana kwenye foleni, na kuanguka. Pikipiki ikilala ubavu, ncha ya usukani na liva ni miongoni mwa vitu vinavyogusa chini mwanzo. Liva ya klachi ikikatikia mjini unasukuma hatua chache hadi kwa fundi. Ikikatikia mbali huko, na nyuma una tenga la sangara kwenye barafu inayoyeyuka, hasara ni ya mzigo mzima.

Mifuko inafanya kazi ya kwanza vizuri kuliko zote na ya pili haiifanyi kabisa. Alumini inashinda zote kwenye ya pili, na ya kwanza inaifanya nusu kwa ngao yake. Plastiki tupu inafanya nusu ya ya kwanza na karibu sifuri ya ya pili, na ndiyo inayouzika sana, kwa sababu inang'aa.

Mifuko ya usukani

Huu ni mfuko unaovishwa usukani mzima pamoja na liva na swichi, wewe unaingiza mkono ndani. Huhitaji kununua ulioagizwa. Fundi anayeshona viti vya pikipiki anaweza kukushonea kwa reksini au turubai la lori, ndani akaweka blanketi au sponji nyembamba. Kwa joto hakuna kinachoushinda. Unazuia upepo kutoka mbele, juu na chini, na mvua haikufikii ikiwa mshono umekaa upande wa chini na si juu mgongoni mwa mfuko.

Tatizo lake la kwanza ni kwamba mkono lazima uingie na kutoka. Bodaboda wa mjini anapokea nauli, anarudisha chenji, anafuta kioo cha helmeti, anapunga mkono, anajibu simu (ndiyo, najua hairuhusiwi). Kila mara anahangaika kutafuta mlango wa mfuko. Dawa ni kumwambia fundi aweke kipande cha mpira wa maji au waya mnene kuzunguka mdomo wa mfuko, ubaki wazi wenyewe. Mfuko uliolegea mdomo usiukubali hata kwa bure. Siku utakayohitaji breki ya ghafla ukiwa umetoa mkono, kitambaa kitakuwa kimejifunga.

La pili ni kubwa zaidi na wengi hawalijui. Mfuko laini ukipigwa na upepo unaegemea liva. Upande wa kulia unasukuma breki ya mbele kidogo, siyo kiasi cha kukusimamisha, ila kiasi cha kufanya breki ikokote na kupata moto, na taa ya nyuma ikawaka muda wote. Aliye nyuma yako anazoea kuiona inawaka, na siku unafunga breki kweli hashtuki. Upande wa kushoto klachi inateleza taratibu na sahani zake zinaisha kabla ya wakati. Kwa hiyo mfuko unahitaji kitu kigumu ndani cha kuuzuia usigusane na liva. Hapa ndipo aina ya tatu itakaporudi.

Na la tatu ni jua. Saa nne asubuhi Mwanza tayari ni joto, mkono ndani ya blanketi unatokwa jasho, na mkono wenye jasho hauishiki akseleta vizuri. Mfuko wa huku lazima uwe wa kufungua na kukunja chini ya kiti. Ulioshonwa moja kwa moja kwenye usukani waachie wa Makete.

Wabeba samaki waangalie na usafi. Blanketi likishika maji ya tenga, baada ya wiki moja hata wewe mwenyewe hutapenda kuingiza mkono. Omba bitana ya kutoa na kufua.

Plastiki tupu

Hizi ni zile ngao mbili za rangi, zinazoshikwa na kibano kimoja kwenye usukani au chini ya nati ya saiti mira. Ncha ya nje inaelea hewani. Asili yake ni pikipiki za mashindano ya matope, ambako kazi yake ni kuzuia udongo unaorushwa na pikipiki ya mbele, na kwa kazi hiyo zinatosha kabisa. Kwa upepo wa mbele pia zinasaidia, mradi ziwe pana vya kutosha kufunika vidole vyote vinne unapovinyoosha kushika liva. Nyingi zinazouzwa kama pambo ni nyembamba, zinafunika vifundo viwili tu.

Ukianguka, ngao inakunjika na liva inagonga chini kama vile haikuwapo. Ile inayoshikwa kwenye saiti mira ina ubaya wa ziada. Ngao ikipigwa na tawi inageuza na kioo, ukiangalia nyuma unaona anga.

Kama umeamua kuchukua aina hii, plastiki yake ijaribu kwanza. Shika ukingo ukunje. Ile laini inakunjika na kurudi. Ile ngumu inayotoa mstari mweupe na kamlio ka kutaka kupasuka, jua la ikweta litaimaliza, na ikipasuka njiani inakuwa na ncha kama kisu karibu na vidole vyako. Nyeusi kwa kawaida huvumilia jua kuliko za rangi kali, kwa sababu ya masizi yanayochanganywa ndani yake.

Kuna na ndugu yake maskini, ngao ya kukata kwenye dumu la lita 5. Sitaicheka. Plastiki ya dumu inakunjika bila kuvunjika, haina gharama, na kwa upepo wa alfajiri inafanya kazi sawa na nyingi za dukani. Kata pembe ziwe duara, kingo zipitishe kwenye moto kidogo zisikate, funga sehemu mbili na siyo moja ili isipigepige. Kasoro yake ni sura tu, na abiria wa Capri Point wana maneno yao kuhusu hilo.

Zenye uti wa alumini

Hapa ngao ya plastiki imebebwa na upau wa alumini unaoanzia ncha ya usukani, unazunguka mbele ya liva na kurudi kushikwa karibu na katikati. Kwa sababu umeshikwa sehemu mbili, pikipiki ikilala upau ndio unaopokea uzito, liva inabaki salama na vidole havisagwi kati ya mpini na changarawe. Ni ghali kuliko nyingine zote, na ndiyo pekee ninayoweza kuiita kinga bila kuongeza maelezo. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya Tanga, hivyo alumini hailiki haraka. Angalia zaidi bolti zake za chuma, hizo ndizo zitakazoshika kutu.

Ila ufungaji wake siyo wa dakika kumi kama muuzaji anavyokuambia, hasa kwenye pikipiki za kazi kama Boxer na TVS ambazo hazikuchorwa kwa ajili yake.

Kipenyo kwanza. Usukani wa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 22, na kibano cha ndani kinatakiwa kiwe cha kipimo hicho. Baadhi ya pikipiki za porini zina usukani unaonenepa katikati hadi milimita 28 hivi, kwa hiyo usinunue kibano kwa kukisia. Fundi akianza kuzungushia mpira wa tyubu ili kibano kikubwa kibane usukani mwembamba, mwambie asimame. Siku ya kuanguka kitazunguka, na upau utashuka ukakae juu ya liva yenyewe.

Ncha ya usukani inafuata. Upau unashikwa na bolti inayovuta kipande kinachotanuka ndani ya bomba la usukani. Bomba lazima liwe wazi. Baadhi ya pikipiki zina uzito uliofungwa kwenye ncha au nati iliyochomelewa ndani, na hapo ama upate bolti ndefu ya kuingia kwenye nati hiyo, ama uti huo hauwezi kufungwa bila kukata. Ule uzito wa ncha pia haukuwekwa bure, unapunguza mtetemo. Ukiuondoa na kufunga upau mwepesi, mikono inaweza kuanza kukuwasha baada ya safari ya Sengerema.

Upande wa akseleta ndio wa hatari. Mpira wa mpini wa kulia mara nyingi umezibwa mwishoni, na fundi lazima aukate ili bolti ipite. Bomba la plastiki la akseleta linazunguka juu ya usukani, na lisipoachiwa nafasi ya milimita 2 au 3 kabla ya kugusa upau, linakwama. Akseleta iliyokwama wazi kwenye mteremko wa Mkuyuni ni jambo ambalo hakuna kinga ya mikono itakayolifidia. Jaribu mwenyewe: vuta mpaka mwisho, achia ghafla, usikie inarudi na kugonga mwanzo wake bila kusaidiwa. Fanya hivyo usukani ukiwa umekatwa kushoto, ukiwa umenyooka, na ukiwa umekatwa kulia.

Nafasi ya kibano cha ndani ndiyo inayowashinda wengi. Kati ya swichi na katikati ya usukani kunapita waya wa klachi, waya wa akseleta, na kwenye pikipiki zenye breki ya dramu mbele, waya wa breki nao unajitokeza pale pale upau unapotaka kukaa. Waya usibanwe wala kupindishwa kwa kona kali. Upau unaweza kuinuliwa au kushushwa kidogo hadi nyaya zipite chini yake zikiwa zimetulia. Pengine liva yenyewe italegezwa na kusogezwa ndani kidogo, kwa sababu ncha yake isiguse upau unapoikamua wala unapoiachia. Kidole kimoja kipite kati yao.

Lipo jambo moja wanaozipinga wanalolisema, na siyo uongo. Ukirushwa mbele ya pikipiki, mkono unaweza kunasa kati ya upau na usukani. Inawezekana. Ninachopima mimi ni kwamba wengi wetu tunaanguka tukiwa mwendo mdogo, kwenye mchanga, matope au tuta lisilo na alama, na huko upau unaokoa vidole na liva. Anayekwenda kasi ya kurushwa ana tatizo kubwa kuliko kinga.

Na ukishaanguka vibaya, usiondoke kabla ya kuangalia kama upau umejikunja kuelekea liva. Alumini kupinda ni heri kuliko kukatika, lakini ikipinda ndani inaweza kuzuia breki isifike mwisho.

Vipi kuhusu glavu?

Glavu siyo mbadala wa hizi, ila ukiniuliza kwa mwenye hela ya kitu kimoja tu na anayeendesha kwenye lami pekee, ningemwambia aanze na glavu. Mtu akianguka hutanguliza viganja, na kinga ya usukani inabaki na pikipiki. Tatizo la glavu ni mvua: ya ngozi au kitambaa ikilowa inakaa imelowa, na inakupoza kuliko mkono mtupu uliokaushwa. Nyuma ya ngao pana glavu nyepesi inabaki kavu kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo vitu hivi viwili vinasaidiana. Mipini inayopashwa kwa umeme niiache. Inakula umeme mwingi kwa jenereta ndogo ya pikipiki hizi, na kwa nyuzi 16 haistahili.

Kwa nani nini

Bodaboda wa mjini, mchana, lami tupu, mkono unaingia na kutoka mara mia: glavu nyepesi, na kama unataka kitu usukanini, plastiki pana iliyo laini inatosha. Mifuko itakuchelewesha, na upau wa alumini unaongeza upana ambao utaujutia ukipenya kati ya daladala pale Igoma. Hili la upana watu hulisahau. Kabla ya kufunga ncha ya usukani ilikuwa ndiyo mwisho wako, sasa mwisho umesogea nje na mazoea yako ya macho bado ni ya zamani.

Mwalimu, muuguzi au afisa ugani anayetoka mjini kwenda vijiji vya Magu au Misungwi kila asubuhi, sehemu lami na sehemu vumbi, achukue alumini yenye ngao pana bila kusitasita. Bei yake inauma mara moja. Liva za kubadilisha ni bei ndogo, nakubali, ila liva inakatika siku ambayo huna ya akiba.

Anayevuka Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ana hesabu ya peke yake. Zamani kwenye kivuko ulishuka, ukasugua mikono, pengine ukapata na chai. Sasa unapita takriban kilomita 3 juu ya maji bila kusimama, na upepo wa ubavuni hauna jengo wala mti wa kuuzuia. Ngao inakinga upepo wa mbele, wa ubavuni unaingia kupitia pengo. Pia ngao pana kupita kiasi, au mifuko mikubwa, hushika upepo huo na kuvuta usukani kidogo kwenye pikipiki nyepesi. Chukua ngao yenye masikio yanayopinda kurudi nyuma, siyo bapa kama sahani.

Na mtu wa samaki anayetoka saa kumi alfajiri kwenda Kayenze au Igombe na kurudi soko la samaki la Mwaloni Kirumba jua limewaka? Huyu ndiye anayehitaji vyote viwili, na bahati nzuri vinakaa pamoja. Funga uti wa alumini, kisha mwambie fundi apime na kukushonea mfuko mpana utakaovishwa juu ya uti huo. Upau unaushika mfuko mbali na liva, ule ugonjwa wa breki kukokota unaisha, na jua likipanda unaufungua na kuukunja. Huo mfuko uwe na mlango mpana na utepe wa kung'aa mbele, maana saa hizo malori yanakuja na taa zote.

Mwenye hela kidogo aanze na dumu na glavu kavu mfukoni, kisha anunue alumini akipata. Asipitie kwenye plastiki ya kung'aa njiani, atalipa mara mbili.

Kabla hujamlipa fundi

Washa injini, iache ingurume bila kuvuta akseleta, kata usukani kushoto mpaka mwisho kisha kulia mpaka mwisho. Sauti ya injini ikipanda yenyewe upande wowote, waya wa akseleta umevutwa na kinga. Angalia ngao haigusi tangi wala kava la taa ya mbele, indiketa zinaonekana kwa aliyesimama mbele, na honi unaifikia kwa kidole gumba bila kuachia mpini. Kamua breki ya mbele halafu muombe mtu aangalie kama taa ya nyuma inazimika unapoachia. Bolti zote zikazwe tena baada ya siku chache za kwanza, kwa sababu alumini mpya hukaa na kulegea kidogo, na mtetemo wa barabara ya Igombe hauna huruma. Spana ya kukazia bolti hizo ibaki kwenye pikipiki yako. Fundi akikuambia utamkuta tu palepale siku yoyote, mshukuru, na spana uondoke nayo.